Tangazo Lisilomfikia Mjumbe

Wajumbe wa baraza la ushauri huanza kuchaguliwa siku tangazo la nafasi zao linapobandikwa, wala si siku ile waziri au mkurugenzi anapotia saini barua za uteuzi. Tangazo likipigwa chapa na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, tayari limekwisha kuchagua: limewachukua wanaopita ofisini na wanaojua kusoma, na wengine limewaacha. Katika kamati ya maji au ya barabara kasoro hiyo huweza kurekebishwa baadaye. Katika baraza linaloundwa kuishauri serikali namna ya kuwahudumia watu kwa lugha wanayoielewa, kasoro hiyo huiua kazi yenyewe. Aliyekusudiwa kusaidiwa anakosa kiti kwa sababu ileile iliyolifanya baraza lihitajike.

Tanzania haina baraza moja lililopewa kazi hiyo yote. Kiswahili kina Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, ambalo pamoja na kukuza lugha hushughulikia tafsiri na ukalimani. Zanzibar ilipata baraza lake, BAKIZA, mwaka 1984. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, hatua iliyosubiriwa na vizazi vya washtakiwa waliohukumiwa kwa maandishi wasiyoweza kuyasoma. Lugha ya alama na maandishi ya nukta nundu yameegemea zaidi Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao mwaka 2009. Sheria hiyo iliunda Baraza la Taifa la Ushauri kwa Watu wenye Ulemavu, na chini yake zikawekwa kamati zinazoshuka hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Lugha za makabila hazina chombo cha namna hiyo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua kuwa hazina ya taifa, lakini mtu anayezungumza mojawapo tu hana dirisha la kwenda kusema kwamba hakuelewa alichoambiwa.

Ndiyo maana mambo ambayo Dodoma au Dar es Salaam yamegawanywa kati ya ofisi tatu au nne, wilayani hukutana kwenye meza moja ndogo. Kamati iliyoundwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu hujikuta inaulizwa pia habari za bibi asiyemwelewa mganga wa zahanati. Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo. Wamwera ni wengi huko, na pamoja nao wapo Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ulikufa mapema mwaka 1951, lakini vibarua walioufuata kutoka pande nyingi hawakuondoka wote. Baadaye wakaja wapigania uhuru wa Msumbiji, na FRELIMO ikaweka kambi yake kubwa ya mafunzo hapohapo Nachingwea. Lugha zimepishana katika mji huo kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wa watumishi wanaopangiwa kazi huko. Ruangwa ilipata wilaya yake mwaka 1995, na wazee wa pande zote mbili bado wana ndugu, mashamba na misiba upande wa pili.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa karani wa vikao katika eneo hilo, miaka michache baada ya sheria ya 2010 kuanza kutumika. Katika moja ya wilaya hizo mbili ndiye aliyeandika tangazo la kwanza la kutafuta wajumbe. Lilikuwa la ukurasa mmoja. Lilitaka mwombaji awe raia, ajue kusoma na kuandika, awe na uzoefu wa uongozi, na alete barua ya maombi pamoja na picha mbili za pasipoti. Sifa hizo zilinakiliwa kutoka tangazo la kamati nyingine, na hakuna aliyezitilia shaka. Zilikuja barua kumi na moja. Saba zilitoka kwa walimu wastaafu, moja kwa mchungaji, moja kwa muuza pembejeo, na mbili kwa watu waliokwisha kukaa kwenye kamati nyingine mbili au tatu. Wote walikuwa watu wa heshima, na baadhi yao baadaye walifaa sana. Lakini hakukuwa na kiziwi hata mmoja. Alipoulizwa, mtendaji mmoja alijibu kwa nia njema kabisa kwamba katika kata yake viziwi hawapo.

Alikuwepo mmoja, hatua chache kutoka kwenye ubao uleule. Alikuwa fundi cherehani aliyekaa barazani, uso umeuelekea ubao, na nusu ya sare za wanafunzi wa mji zilipita mikononi mwake. Hakuwahi kwenda shule. Bei aliitaja kwa vidole, mshono aliuonyesha kwenye picha zilizobandikwa ukutani, na mteja asiyemzoea alihudumiwa kwa msaada wa dada yake aliyeuza vitumbua pembeni. Tangazo alikuwa akilitazama kila siku kwa wiki tatu. Kwake lilikuwa karatasi nyeupe yenye muhuri.

Jina lake lilipoongezwa kwa mkono, wahusika waliona tatizo limekwisha. Kumbe lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, na sehemu hii inastahili maelezo marefu kwa kuwa ndiyo inayoharibu teuzi nyingi. Kwa kikao cha kwanza aliletwa mkalimani wa lugha ya alama kutoka nje ya wilaya, mtu hodari, aliyejifunzia Dar es Salaam lugha ya alama inayotumiwa na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na katika shule za viziwi. Mwenyekiti alisema, mkalimani akageuza kuwa alama, fundi akawa anatazama kwa makini na kuitikia kwa kichwa. Karani akaandika kwenye muhtasari kwamba mjumbe ameelewa. Ilipofika mapumziko ya chai, dada yake, aliyemsindikiza na kukaa mlangoni, alimwita karani kando.

“Bwana karani, kaka anaitikia kwa adabu tu, kwa kuwa mmemheshimu. Hajapata hata neno moja.”

Maelezo yake ni rahisi, lakini hayafahamiki kwa wengi wanaoteua. Lugha ya alama ni lugha kamili, yenye msamiati na sarufi yake, na kama lugha nyingine yoyote hufunzwa na jamii inayoitumia. Mtoto kiziwi anayekulia kijijini kati ya watu wanaosikia, bila shule na bila viziwi wenzake, hubuni na familia yake alama za nyumbani. Alama hizo zinatosha kwa chakula, kazi, ndugu, bei na ugomvi. Mama anazijua, dada anazijua, jirani anajua nusu yake. Mkalimani kutoka mjini hazijui, na alama zake yeye kwa mtu huyo ni sawa na Kireno kwa mtu wa Liwale. Kwa hiyo mtu anayejaza fomu kwamba “mkalimani amepatikana” anaweza kuwa amesema kweli na bado hakuna lililotafsiriwa.

Njia iliyofaa ilipatikana baada ya kumtafuta kijana mwingine kiziwi, aliyekuwa amesomeshwa katika shule ya viziwi mbali na kwao kisha akarudi kulima korosho. Kijana huyo alizijua alama za shuleni, na kwa kuishi tena kijijini alikuwa amezoea kuelewana na watu wasiozijua. Kuanzia kikao cha pili maneno yalipita mikono miwili: mwenyekiti alizungumza, mkalimani akampa kijana, kijana akampa fundi kwa ishara, kwa mwili mzima, wakati mwingine kwa kuchora mezani kwa chaki. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Viziwi katika nchi nyingi hutumia utaratibu huu mahakamani na hospitalini. Kijana alikuwa amealikwa kama msaidizi, lakini ilionekana upesi kwamba anastahili kiti chake mwenyewe, na akapewa.

Kikao cha saa moja kilichukua karibu saa tatu. Wajumbe wawili walilalamika, na malalamiko yao hayakuwa ya kupuuzwa, maana mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri. Lakini katika kikao hicho hicho fundi alitoa hoja ambayo wajumbe kumi wenye kusikia hawakuwahi kuifikiria. Alieleza kwamba katika kituo kimoja cha afya wagonjwa huitwa kwa jina, kwa sauti, kutoka ndani ya chumba. Alikuwa amewahi kukaa kwenye benchi kutoka asubuhi hadi kituo kikafungwa, akiwaona waliomkuta wakiingia na kutoka. Kisha akatoa mfukoni vipande viwili vya kitambaa vyenye namba moja iliyoandikwa kwa chaki. Ndivyo alivyofanya kazi barazani kwake: kipande kimoja hushikizwa kwenye nguo, kingine hupewa mteja, na hakuna nguo iliyowahi kupotea. Alitaka wagonjwa wapewe vibao vya namba, na namba inyanyuliwe juu badala ya kutamkwa. Gharama yake ilikuwa mbao chache na rangi. Hoja hiyo iliingia kwenye mapendekezo ya kamati kama ilivyo, na ilikuwa ya kwanza kutekelezwa.

Sifa ya “uzoefu wa uongozi” isingemwingiza mtu huyo kwenye chumba kile. Kilichomfaa kuwa mjumbe ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa amelipia kila siku gharama ya kutoeleweka, na katika kuilipa alikuwa amebuni ufumbuzi wake. Uzoefu wa aina hiyo unastahili kuandikwa kwenye tangazo kama sifa ya kwanza, na kujua kusoma na kuandika kufutwe kabisa kwenye orodha ya masharti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu wenyewe kupitia vyama vyao. Vyama vipo: CHAVITA kwa viziwi, chama cha wasioona kinachojulikana kwa kifupi TLB, na shirikisho lao SHIVYAWATA. Hata hivyo tawi la chama mkoani huwafahamu zaidi wanachama waliosoma, na fundi asiye na kadi ya chama hawezi kupendekezwa na tawi. Kwa sababu hiyo barua kwa vyama ni ya lazima, lakini haiondoi ulazima wa kutembea mtaani.

Wilaya ya pili ilileta swali jingine, gumu zaidi kisiasa. Baada ya kuwagawia viti viziwi na wasioona, mzee mmoja aliuliza ni nani atakayewasemea wanaojua Kimwera tu, au wanaojua Kiswahili kidogo. Mwenyekiti wa kikao alijibu kwamba Kiswahili kinamtosha kila Mtanzania, na kuanza kugawa viti kwa kabila ni kufukua kitu ambacho taifa lilikizika kwa jasho. Woga huo una msingi. Kiswahili kimewaunganisha watu wa kusini kwa namna ambayo majirani wa nchi hii wanaitamani, na mwandishi hajaona kitu cha thamani zaidi katika maisha ya umma ya Tanzania. Lakini hoja ya mwenyekiti ilijibu swali ambalo mzee hakuuliza. Mzee hakuomba kiti kwa Wamwera. Aliuliza nani atamsaidia mama mwenye miaka themanini akiwa mbele ya mganga.

Mama wa namna hiyo ana Kiswahili cha kutosha kuuza ming'oko na kuuliza nauli. Akitakiwa aeleze maumivu yalianza wapi, yanakuja kwa mtindo gani, na kama damu ilionekana, anaingia kwenye lugha aliyolelewa nayo, kwa kuwa maneno hayo alifundishwa na nyakanga ndani ya unyago na hajawahi kuyasema kwa lugha nyingine. Mara nyingi mkalimani wake huwa mjukuu. Mtoto wa miaka kumi hutumwa kumweleza mganga siri ya mwili wa bibi yake, na bibi, kwa haya, huacha nusu ya maelezo. Dawa hutolewa kwa nusu iliyobaki. Jambo hili haliandikwi kwenye daftari lolote la zahanati, kwa hiyo kwenye takwimu halipo.

Suluhisho lilipatikana kwa kuacha kutafuta mwakilishi wa kabila na kuanza kutafuta mtu anayeifanya kazi hiyo tayari. Katika zahanati moja mtu huyo alikuwa mwanamke aliyeajiriwa kufagia. Kwa miaka mingi waganga na wauguzi waliohamia kutoka mikoa mingine walikuwa wakimwita aache ufagio aje awatafsirie, kisha arudi kufagia. Alizijua lugha tatu za eneo hilo. Alijua pia kunyamaza, na hilo ndilo lililowafanya kina mama wamwamini. Jina lake halikuwa limependekezwa na mtu yeyote, hata na wauguzi waliomtegemea, kwa kuwa neno “mkalimani” halikuwahi kuambatanishwa naye. Alipoulizwa kama yuko tayari kuingia kwenye kamati, swali lake la kwanza lilikuwa nani atafagia siku za vikao. Ilibidi jambo hilo lipatiwe jibu kwa barua kabla hajakubali.

Nyakanga naye alialikwa, si kama mjumbe bali mtoa maelezo, kwa kuwa baadhi ya anayoyajua hayaruhusiwi kusemwa mbele ya wanaume. Wateuaji hawana budi kuheshimu mipaka ya namna hiyo tangu mwanzo, kwa sababu mjumbe anayelazimishwa kuchagua kati ya kiapo cha unyago na kiapo cha kamati ataacha kamati.

Nchi nyingine zimejaribu kuyatatua haya kwa kuyaandika ndani ya sheria. Afrika Kusini ilipounda bodi yake ya lugha zote, PanSALB, kwa sheria ya mwaka 1995, ilitaka umma ualikwe kupendekeza majina kabla wajumbe hawajateuliwa. Uwazi huo ulikuwa mzuri, ila haukuikinga bodi na migogoro, na mwanzoni mwa 2016 waziri aliivunja. Jimbo la Hawaii, nchini Marekani, lilitunga mwaka 2006 sheria ya huduma za lugha yenye baraza la ushauri ndani yake, na humo wametengewa nafasi watu wanaotoka katika jamii zisizojua Kiingereza vizuri, pamoja na wakalimani wenyewe. Kiti kilichotajwa na sheria hakimtegemei mtendaji mwenye moyo mzuri. Hilo ndilo la kuigwa huko.

Baada ya majina kupatikana hubaki kazi ya barua, fedha na tarehe, ambayo huonekana ndogo. Barua ya uteuzi kwa asiyeona hutolewa kwa nukta nundu kama anazisoma, na kama hazisomi husomwa mbele yake na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mjumbe anayeweka dole gumba hupewa nafasi sawa kwenye daftari na anayetia saini. Nauli ya msindikizaji huandikwa kwenye bajeti kwa jina lake, la sivyo hukatwa kutoka posho ya mjumbe, na mwisho mjumbe huyo ndiye anayekuja kikaoni kwa hasara. Mkalimani hahesabiwi kwenye akidi, lakini asipokuwepo kikao kiahirishwe, na sharti hilo liwekwe kwenye kanuni za kamati siku ya kwanza, wakati kila mtu bado ana moyo. Kiziwi huketi mahali anapowaona wote, mgongo ukiwa dirishani, ili nuru iangukie mikono ya wanaozungumza naye badala ya kumpiga machoni. Vikao visipangwe kati ya Oktoba na Desemba, korosho zinapookotwa na minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, inapoendelea. Mkulima anayeitwa kikaoni siku ya mnada hatakuja, na asipokuja mara tatu kanuni nyingi humwondoa.

Nafasi huwa wazi tena mapema kuliko inavyotarajiwa. Kijana kiziwi aliyekuwa akipokezana na mkalimani alipata kazi Dar es Salaam kabla kipindi chake hakijafika nusu, na kiti chake kikahitaji mtu. Karani aliandika tangazo jipya, fupi kuliko la kwanza. Lilisomwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa na makanisani Jumapili, likatangazwa kwa kipaza sauti juu ya gari siku ya gulio, kwa Kiswahili na kisha kwa Kimwera, na wasioandika wakaambiwa waje tu waseme. Kwa viziwi lilichorwa: watu wanane kuzunguka meza, kiti kimoja kitupu, na mikono miwili inayozungumza. Mchoro mmoja ulibandikwa kwenye ubao wa kata. Wa pili ulibandikwa kwenye baraza ya fundi cherehani, kati ya picha za mishono, na ndiko watu walikoenda. Kabla ya wiki mbili kwisha viziwi wanne walikuwa wamefika hapo, watatu wakiwa wa kata ile iliyosemwa haina kiziwi. Majina yao yaliandikwa na dada yake fundi kwenye daftari la vipimo, ukurasa unaofuata sare za darasa la kwanza.